Ukurasa wa Pili wa Hukumu

Goma, Mapendo, tarehe 14 mwezi wa tatu

Mama yangu,

Nakusalimia, na kupitia wewe namusalimia Papa na wote wa hapo nyumbani Bukavu. Barua hii ataileta jirani yangu Léoncie, anapanda boti kesho asubuhi. Je, kikohozi kimekuacha? Papa aliniambia kwa telefoni kwamba umeanza tena kwenda misa ya asubuhi, nikafurahi. Mimi niko muzima. Huku mvua inanyesha kila siku na barabara za Ndosho zimejaa matope, lakini tunaishi.

Nina habari ambayo sikutaka uisikie kwa mutu mwingine. Unajua kwamba ninafanya kazi katika kampuni ya gazi ya kupikia, kwenye biro ya kupokea wateja. Jambo ambalo sikukuambia ni kwamba mwezi wa kumi na moja kampuni ilileta mukubwa wa ufundi, wa pili baada ya Madame Joviale anayetuongoza. Kazi yake ni kuangalia kila mutungi kabla haujatoka depo. Mutu huyo ni Baharanyi. Ni yule yule fundi wa Kadutu, aliyetengeneza vibaya jiko la gazi lililokuunguza mukono, ukamushitaki kwenye tribunali miaka kumi na moja iliyopita. Yeye hakunijua. Wakati wa kesi nilikuwa shule ya bweni, hatukuwahi kuonana. Na mimi sikumuambia mutu yeyote kwamba ninamujua.

Mwezi wa pili, picha ya hukumu ya kesi ile ikaanza kuzunguka kwenye telefoni za wateja. Ulikuwa ukurasa wa kwanza tu: jina lake, jina lako, na maelezo ya namna ulivyoungua. Mama Bibiche, anayeuza chakula Ndosho, alirudisha mitungi yake yote mitatu kwa pikipiki. Alisema hawezi kulaza watoto wake karibu na kitu kilichopita mikononi mwa mutu wa namna hiyo. Nyuma yake wakaja wengine. Kuna waliosema Baharanyi aliua, kuna waliosema alitoroka gereza. Muzee mumoja wa Katoyi alipiga simu akaomba tumuambie kitu kimoja tu, kama jioni awashe jiko lake au asiwashe.

Madame Joviale aliniagiza niandike tangazo kwamba yote hayo ni uongo wa watu wenye wivu. Nikaliandika, nikalituma. Siku hiyo hiyo wateja wakaturudishia picha ile ile, muhuri wa tribunali wameuzungushia rangi nyekundu. Madame akaniuliza sasa tufanye nini.

Ni Baharanyi mwenyewe aliyeomba wateja waitwe. Walikuja karibu sitini, wakakaa kwenye uwanja wa depo. Madame alianza kusifu kampuni, wakamukatiza. Ndipo yeye akasimama. Mama, amezeeka. Alisema kesi ni ya kweli na kosa lilikuwa lake: alikuwa na haraka, akafunga bomba la jiko kwa raba iliyochakaa. Alisema ni yeye aliyekubeba mpaka hospitali, kwamba mbele ya hakimu hakubisha, alilipa matibabu yote, akafunga karakana yake na kwenda kusoma ufundi wa gazi miaka miwili. Kisha akachukua mutungi, akaupaka maji ya sabuni, akawaonyesha namna anavyongoja kuona kama povu litatoka, maana likitoka gazi inavuja.

Mama Bibiche akamuuliza: «Hayo ya kukubali kosa yameandikwa wapi? Karatasi tumeiona, hayo hatukuyaona.»

Akajibu: «Yako kwenye ukurasa wa pili. Wangu uliungua na nyumba wakati wa volkano.»

Watu wakacheka. Wengi waliondoka wakisema hawatarudi. Kesho yake Madame akamusimamisha kazi.

Mama, ukurasa wa pili ulikuwa kwenye telefoni yangu, na nilikuwa nimekaa hatua tano tu kutoka kwake. Ni mimi niliyefanya haya. Wakati wa Noeli, nilipokuja nyumbani kwa siku nane, siku moja ulipokwenda sokoni nilifungua sanduku lako nikapiga picha kurasa zote mbili. Wa pili niliusoma nikaukasirikia, kwa sababu ukurasa huo, wenye kukubali kwake kosa, ulimuonyesha kuwa mutu kama sisi. Nikamutumia Mama Bibiche wa kwanza peke yake, nikamuomba asiseme umetoka wapi. Nilijiambia kwamba ninakulipizia.

Baada ya mukutano nilikaa na jambo hilo siku nne. Jumatatu niliingia kwa Madame, nikaweka telefoni juu ya meza, nikamueleza yote. Alisoma, akamupigia Baharanyi arudi kazini. Kurasa zote mbili zimetumwa kwa wateja, pamoja na barua ya kuomba samahani kwa lile tangazo la uongo. Barua hiyo niliiandika mimi. Nilipoimaliza, Madame aliniambia nirudishe funguo za biro na nisirudi tena kazini. Sikubishana. Wateja wengine wamerudi, Mama Bibiche bado.

Nilipotoka, nilimukuta Baharanyi kwenye mulango wa depo. Nilimuambia mimi ni mutoto wa nani na nimefanya nini. Nilifikiri atanitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama mukono wako wa kuume unanyooka siku hizi, na kama unaweza kujifunga kitambaa cha kichwa bila kusaidiwa. Siku zile nane za Noeli nilifungua sanduku lako, lakini mukono wako sikuuangalia.

Unisamehe kwa sanduku. Unisamehe pia kwa jina lako, kwamba nimelitembeza kwa watu bila ruhusa yako. Musalimie Papa, umuambie kuhusu kazi kwa namna utakayoona inafaa. Léoncie anarudi huku Jumamosi, anaweza kubeba jibu. Kama huna la kuniandikia, nitaelewa. Lakini kuhusu mukono, naomba unijibu.

Ni mimi mutoto wako,

Nabintu