Niranjan Amekataa

Bhubaneswar, 4 Machi

Mama yangu,

Nainama miguuni pako. Hujambo? Goti linasemaje? Na mdogo wangu Jhunu, mchumba kapatikana kweli, au ni maneno ya jirani yetu Sebati tu? Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii naipitisha kwa huyohuyo Sebati, maana najua simu ya nyumbani inalala chini ya mto wa Baba.

Mama, idara ya maji wamenitoa kwenye dirisha la wateja. Tangu nianze kwenda kazini na sari, na cheti cha wilaya kinachonitambua kuwa mwanamke kwa jina la Lopamudra, bosi hanitazami usoni. Sasa nimetupwa stoo, kwenye mita za maji zilizovunjika. Mwezi wa sita mkataba unakwisha, na nasikia hawataufanya upya kwa sababu ati wateja wamelalamika. Nani kalalamika, lini, hakuna anayesema. Na ni serikali hiihii iliyotangaza magazetini kwamba kila idara ina kamati ya kushughulikia mambo ya watu kama mimi kazini. Basi nikaitumia ile sheria ya mwananchi kuomba taarifa. Nikaomba kuona faili langu: kamati ilikaa lini, ikasema nini.

Unajua wamejibu nini? Faili ni la Niranjan Behera, na mimi ni Lopamudra Behera, kwa hiyo naomba siri za mtu mwingine. Lazima kwanza wamuulize huyo Niranjan kama anakubali. Nikamwambia karani, Niranjan ndiye mimi, unaniona kila siku nikipita kwenda stoo. Akanijibu, "Dada, mimi nakuona. Faili halikuoni." Wamemwandikia barua ya rejista, kwa anwani ya nyumbani kwetu.

Ikifika usiitupe, nitumie. Bila faili hilo sina pa kusimama, na kazi ikienda nitabaki kuombaomba kwenye mataa ya barabarani kama wenzangu.

Mtoto wako,
Lopa

Kijijini, 19 Machi

Mwanangu,

Barua yako imefika. Sisi wazima, goti ndilo lilelile. Baba yako anakohoa kidogo asubuhi.

Mchumba wa Jhunu ni kweli. Ni watu wa Cuttack, kijana anafanya kazi benki, na mama yake ni mpole. Waliuliza habari za kaka yake Jhunu, tukawaambia lile tunalowaambia wote, kwamba yuko Surat kwenye viwanda vya nguo. Mama wa kijana akauliza mbona haji hata sikukuu. Baba yako akasema likizo Surat ni shida. Nilitazama chini.

Hiyo barua ya rejista haijafika. Kula vizuri, na usijibizane na wakubwa zako.

Mama yako

Bhubaneswar, 8 Aprili

Mama,

Salamu, na natumaini hamjambo wote.

Niranjan amekataa. Ndivyo walivyoniandikia. Mhusika ameulizwa kwa barua, naye amejibu kwamba hataki habari zake apewe mtu yeyote, na ameweka sahihi. Nimekataa mimi mwenyewe nisione mambo yangu mwenyewe. Stoo nzima wamecheka hadi chai ikawapalia.

Karani akanionyesha jibu lenyewe. Mama, mwandiko ule ndio uliokuwa ukisahihisha daftari zangu nyumbani nilipokuwa darasa la tatu. Nitausahau vipi?

Uliniambia haijafika. Nataka kujua kama ilifika na wewe ulikuwa wapi.

Lopa

Kijijini, 16 Aprili

Mwanangu,

Mungu akulinde.

Ilifika. Yule mtu wa posta, kama kawaida yake, alisoma jina kwa sauti tangu getini, Niranjan Behera, Niranjan Behera, na majirani wakageuza shingo. Baba yako alikuwa barazani anakula wali wake uliolowekwa maji. Akaipokea, akaisoma, akanawa mkono, akaniomba kalamu. Nikampa. Nilijua anaandika nini nikampa. Halafu nikakudanganya.

Nikasirikie, una haki. Lakini na wewe nisikilize. Wewe una kazi moja unayoipigania, mimi nina watoto wawili. Watu wa Cuttack wakijua kwamba kaka wa Surat ni dada wa Bhubaneswar, Jhunu ataolewa na nani? Silali, mwanangu. Nikikuvuta wewe namwangusha yeye.

Mama yako

Bhubaneswar, 28 Aprili

Mama yangu,

Nainama miguuni pako. Hasira zimepungua, kwa hiyo naandika.

Nimekata rufaa. Itasikilizwa tarehe 22 Mei na afisa mkubwa wa idara, kwenye chumba cha mikutano, mlango wazi. Wanataka mtu anayenijua tangu kuzaliwa aje aseme kwamba Niranjan na Lopamudra ni mtu mmoja. Cheti changu hawakitaki, wanasema sahihi ya mhusika ina nguvu zaidi. Sahihi ya Baba, yaani.

Sikufichi la pili. Pradhan, yule wa nyumba ya karibu na kisima chetu, naye ni karani mwingine palepale. Utakalosema mchana, jioni litakuwa kijijini.

Sikuombi umtose Jhunu. Nakuomba uje. Najua ni ombi lilelile, lakini sina mwingine wa kumwomba.

Lopa wako

Kijijini, 15 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Huku joto limetuchoma, hata mbuzi hawatoki kivulini.

Sitakuja. Baba yako amesema nikipanda basi nisirudi, na nikitoka mimi, Jhunu atabaki peke yake na hasira zile. Usinihesabu.

Ila kuna jambo nimelifanya. Tulimwambia baba yako tunakwenda hekaluni, mimi na Jhunu, tukaenda Cuttack. Nikamwambia mama wa kijana kwamba Surat hatuna mtu. Nina binti wawili, mkubwa yuko idara ya maji, na alizaliwa akiitwa Niranjan. Niliona afadhali alisikie kwangu kuliko kwa Pradhan. Akaweka kikombe chini, chai hakuimaliza. Alitusindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote, na tangu siku hiyo kimya.

Jhunu ndiye aliyesema twende, ulijue hilo.

Baba yako nimemwambia usiku uleule. Tangu hapo hali chakula changu. Ananunua bisi za mchele dukani, anatafuna barazani peke yake, kila mtu anamwona.

Mama yako

Bhubaneswar, 22 Mei

Mama,

Nainama miguuni pako. Kabla ya yote, Baba alikuambia anakwenda wapi leo?

Nilikuwa nimekaa peke yangu. Afisa akauliza Niranjan Behera yupo, karani akatoka kuita koridoni kama kichaa, na Pradhan masikio yamemsimama. Mara nyuma kabisa akainuka mtu na mwavuli wake. Nilidhani nimeota.

"Wewe ndiye Niranjan?"

"Mimi baba yake."

"Yeye yuko wapi?"

Baba akamgeukia Pradhan kwanza. "Surat hayupo. Hajawahi kukanyaga Surat. Jibu mlilopokea niliandika mimi, sahihi ni yangu, na kama ni kosa, nifungeni. Mwenye faili ni huyo hapo."

"Huyo nani, mzee?"

Mama, alininyooshea mwavuli wake. "Huyo wa sari ya kijani. Mtoto wangu."

Jina langu hakulitaja. Nje nilimwinamia miguuni, hakuirudisha nyuma. Akaniuliza kama stoo kuna feni. Nikasema hakuna. Akauliza basi la nyumbani linasimama wapi, akaenda zake.

Faili wamenipa. Jembamba, Mama. Lalamiko la mteja hakuna hata moja. Ukurasa wa kamati una majina na vyeo vya wajumbe, na chini yake karatasi nyeupe, kwa sababu haijawahi kukaa. Bosi aliandika mstari mmoja tu, niondolewe machoni pa wateja hadi kamati iamue. Nilikuwa nikihukumiwa na viti vitupu. Afisa akaona aibu mbele za watu, akaamuru nirudi dirishani na mkataba usiguswe mpaka kamati ikae. Kwa ninavyowajua, nitastaafu kabla haijakaa.

Jhunu je? Niambie ukweli.

Lopa

Kijijini, 9 Juni

Mwanangu,

Sisi wazima. Baba yako alisema anakwenda kwa daktari wa macho, nami nikamwamini.

Watu wa Cuttack wamekataa. Jhunu alilia siku nzima, kisha akanawa uso akasema bora wamejua sasa kuliko baada ya harusi. Bado analia akidhani sisikii. Usijilaumu, wala usiseme hukuliwaza, maana wote tulijua linaweza kutokea.

Kijiji kinasema kinachosema. Baba yako amerudi kula jikoni.

Sikukuu ya Raja inakuja, na unajua mabinti huvaa nguo mpya. Alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na sari mbili. Moja akampa Jhunu. Ya pili akaifunga kifurushi, akakaa na kalamu barazani muda mrefu, mwisho akaniuliza jina linaandikwaje. Nikamwambia, akaandika. Mtu wa posta akalisoma kwa sauti, Lopamudra Behera, akauliza huyu naye ni nani. Baba yako akamjibu, "Binti yangu mkubwa. Nipe stakabadhi."

Chini ya sari kuna mkate wa Raja. Uule mapema, joto hili litauharibu.

Mama yako