Ufa wa Sekunde Kumi na Tisa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na ile kamera nzito haikutesi kama mwezi uliopita. Huku tu wazima. Mama hajambo, bado anagombana na televisheni kana kwamba inamsikia, na ndiye atakayekuletea barua hii mkononi, maana mawakili wametukataza kupigiana simu.

Najua huko kwenye kituo chenu cha televisheni naitwa mwizi wa picha. Sikuiba. Siku lile daraja la waenda kwa miguu lilipofunguliwa, kituo chenu kilirusha picha ulizopiga wewe: mgeni rasmi akikata utepe, na nyuma ya bega lake nguzo yenye ufa. Mama ndiye aliyeuona, akapiga kelele hadi jirani akaja. Taarifa ya habari iliyofuata, ufa haukuwepo. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakubwa wako waliuziba kwa kukata picha.

Kesho yake nikarusha kipande hicho kwenye habari za kituo chetu, sekunde kumi na tisa tu, kutoka kwenye rekodi ya matangazo yenu, jina la kituo chenu likisomeka mwanzo hadi mwisho. Wakili wetu anasema sheria ya hakimiliki inaruhusu: ukiripoti habari, chukua kiasi unachohitaji na utaje chanzo. Wahandisi walikwenda kupima, daraja likafungwa. Na bado wakubwa wako wanatushtaki! Wanadai picha zilivuja kutoka ndani, na najua kidole wamekuelekezea wewe.

Bosi wangu amechoka na kesi. Alikuja na njia ya mkato: niseme wewe ulinipa picha kwa ruhusa, kaka na dada, mambo yaishe. Alisema kujitetea mahakamani kwamba sheria inaruhusu kutumia bila kuomba ni kubahatisha, lakini ruhusa ni ruhusa. Kwamba wewe ungefukuzwa siku hiyohiyo, hilo alilimeza na chai yake.

Sasa kaa chini, kaka. Nilisaini hati ya kiapo. Jumanne asubuhi, kwa mkono wangu mwenyewe, niliapa uongo juu yako kwa sababu niliogopa kukosa kazi. Nikarudi kwenye meza ya kuhariri na aibu yangu, nikaifungua ile picha tena. Nikaona kitu ambacho kilinipita mara zote: mgeni rasmi yuko katikati anatabasamu, halafu kamera inamwacha polepole, inausogelea ufa, inatulia. Haikuwa bahati mbaya. Ulitaka tuuone.

Nilikwenda kwa bosi nikaichana ile karatasi mbele yake. Aliniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia ni wa ukoo.

Jumatatu nitamwambia hakimu kwamba hakuna aliyenipa kitu. Nilichukua kilichokwisha kurushwa hewani, kwa kiasi cha habari, nikataja chanzo, na wakificha ufa mwingine nitarudia. Wakinifukuza, nitahamia kwa mama tugombane na televisheni pamoja. Ila wakikuuliza kwa nini kamera ilimwacha mgeni, jibu hilo ni lako. Kwangu hawalipati.

Nisamehe ile saa moja niliyokuuza. Msalimie wifi, na watoto wote uwakumbatie kwa niaba yangu.

Mimi mdogo wako, yule uliyempa jina la Kidomo,
na safari hii najua kukifunga.