Jina la Baba Limeenda kwa Mutua

Jumapili usiku

Hata jina, mtoto wa Mutua wamempa la marehemu baba yetu. Jina ambalo mimi, kifungua mimba, nilikuwa nimemwekea mwana ambaye bado sijampata.

Mutua ni mdogo wangu kwa miaka sita, na huyu ni mtoto wake wa tatu. Leo tulipoenda kumwona mtoto kule mtaa wa Tena, Mutua alikuwa amembeba kifuani akicheka, nami nikatamani... Acha niandike ukweli. Nilitamani asingempata. Aibu gani hii.

Tangu daktari aniambie kwamba mbegu zangu hazina uwezo, ni mke wangu Wanza peke yake anayejua. Amenisitiri vizuri mno, hata watu wa kwetu wanadhani tasa ni yeye.

Wakati wa chai, Mama akamgeukia. "Wanza, wenzako wanazaa. Wewe unangoja nini?"

Wanza akainamisha kichwa, akaendelea kumimina chai. Sikuweza kuvumilia tena.

"Mama, mwache. Nilipimwa hospitalini. Shida ni yangu."

Nikatoka nje. Mutua akanifuata mpaka kwenye geti, macho yamemwiva. "Kaka, mbona ulibeba hii kitu peke yako?"

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Badala yake nikamlilia kama mtoto.

Wivu bado ninao, siwezi kujidanganya. Lakini tuliporudi kwetu hapa mtaa wa Mbotela, Wanza alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na hakuniachilia mpaka mlangoni.