Mlango wa Nyuma kwa Athuman

Tunduma,
11 Agosti 2006.

Kwa dada yangu mpendwa Restuta,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mpakani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Nanyala mwaka huu haijamsumbua tena baba miguu. Sisi afya tunayo; amani ndiyo imetuhama. Ningeweza kupiga simu kwa jirani yako Ferista akuite, lakini haya siwezi kuyatamka huku mtu akisubiri simu yake.

Najua habari zimekufikia kwamba mume wangu Gwakisa amenifumania, na kwamba mwanamume mwenyewe ni Athuman, yule Mtanga mwenye duka la vipuri karibu na soko. Najua pia mama amelia. Naomba usome mpaka mwisho.

Mambo yalianza pale Roda wa kwaya alipopita nyumbani kunijulia hali. Alimwambia Gwakisa kwamba wanakwaya wananiombea nipone, maana tangu Pasaka sijaonekana mazoezini. Alhamisi ya wiki iliyopita nilipoaga kwamba nakwenda mazoezini, akanifuata kwa mbali mpaka akaniona nafunguliwa mlango wa nyuma kwa Athuman. Alimkwida Athuman pale pale mlangoni, akampiga ngumi za uso, mkewe Zakia akatoka mbio akipiga kelele. Kisha Gwakisa akaniuliza nimefuata nini pale. Athuman alinitazama, akingoja niseme. Nikanyamaza. Zakia naye alinitazama, halafu akaingia ndani kufunga nguo zake. Asubuhi akapanda basi kwenda kwao Tanga.

Dada, sina bwana. Nilikuwa nakwenda kucheza gemu.

Chumba cha nyuma cha Athuman kina televisheni mbili, na vijana hulipia kucheza gemu za mpira humo. Unakumbuka kile kigemu cha matofali alichotuletea mjomba Rabson kutoka Zambia, nikaunguza nacho maharage mpaka mama akakitupa chooni? Mlidhani yameishia pale. Hayakuisha. Nimeolewa, nimezaa watatu, yangali moyoni. Nilimsihi Athuman anifungulie saa ambazo vijana wako shuleni, na asimwambie mtu, hata mkewe. Ahadi hiyo aliitunza hata damu ilipokuwa inamtoka puani.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Aibu, dada. Mwanamke aliyezini, kanisa linajua la kumfanya: atatengwa, atatubu, atarudi. Lakini mama mzima wa miaka thelathini, sauti ya kwanza ya kwaya, anayebonyeza vitufe kama mtoto, huyo watamcheka mpaka siku ya kumzika.

Juzi nikashindwa kula, nikamweleza Gwakisa ukweli. Akasema, "Hata uongo, Enesi, uwe na adabu." Akanishika mkono mpaka kwa Athuman, aliyetufungulia bila kuitikia salamu, kisha Gwakisa akaniamuru nicheze anione.

Nikacheza. Nilipofunga bao la tatu nikageuka, nikamkuta Gwakisa ameketi kwenye benchi, mikono kichwani. Aliniuliza kwa nini nilimwacha ampige mtu asiye na kosa.

Ila kuna jambo sikumwambia yeye, nakwambia wewe. Mbele ya ile televisheni, Zakia yuko kwao, Athuman amesimama nyuma yangu na jicho lake lililovimba, mimi niliwasahau wote. Nilifurahi, dada. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kujitazama kwenye kioo.

Jumatatu mimi na Gwakisa tunasafiri kwenda Tanga kumwomba Zakia radhi. Nitasema mwenyewe mbele ya wazazi wake, na wacheke. Nakuomba uje ukae na watoto. Baba umweleze taratibu. Mama mwambie afute machozi, ingawa sijui kama hili litamfurahisha zaidi.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wale walioacha kuniulizia pia. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Enesi