Jina la Kitambaa cha Dédé

Lomé, 9 Septemba 1974

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na kile kikohozi cha huko Aného kimekuachia? Huku tu wazima, watoto wanakula kama nzige.

Mama, mji huu umepagawa. Tangu tupate bandari mpya, meli zinangoja zamu baharini, na wanunuzi wa Niamey wanagombea vitenge kabla marobota hayajafunguliwa. Na anayefaidi ni nani? Mwanao mkubwa, Dédé! Tulianza pamoja, meza moja, mwavuli mmoja. Leo yeye ana Benzi na dereva wa kumfungulia mlango, mimi bado najitwisha mzigo kichwani. Watu wananiita mdogo wake Dédé, utadhani hukunipa jina. Inaniuma, Mama, sikufichi.

Unajua kitenge kisicho na jina hakiuziki, na jina tunakipa sisi wenyewe sokoni. Mwezi wa Mei Dédé alishusha kitambaa chenye michoro ya milango iliyo wazi. Wiki tatu hakuna aliyekigusa. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Halafu ghafla kikapata jina: Mume Wangu Kahamia Bandarini. Soko zima likaangua kicheko, maana nani asiyejua kwamba shemeji Folivi, karani wa meli, alimwacha Dédé akahamia kwa muuza samaki kulekule bandarini? Nilidhani Dédé atajifungia ndani.

Thubutu! Wanawake wakakigombania. Kila aliyemshuku mumewe alikishona, akampitia nacho mbele akiwa anakula, bila kusema neno. Hajati mmoja wa Niamey alisema kwao bandari hakuna lakini waume wanahama vilevile, akabeba marobota sita. Dédé mwenyewe akakivaa kanisani, akatangaza kwamba aliyekipa jina ajitokeze, amshonee nguo ya kitambaa hichohicho.

Mama, ni mimi. Nililisema kwa makusudi mbele ya wasusi wale wenye midomo, nikijua litafika kila mahali. Nilitaka alie. Sasa nijitokeze vipi, nishonewe nguo ya tusi langu mwenyewe?

Jana alikuja kwenye meza yangu, akakaa juu ya robota, akakunjua kitambaa kipya: ndege wawili, kiota kimoja. Akasema, haya mdogo wangu, na hiki kipe jina, ila safari hii nitukane nikiwepo, nami nicheke. Nikamuuliza amejuaje. Akasema tumenyonya ziwa moja, ulimi wangu ataacha kuujua vipi? Alijua tangu siku ya kwanza, na kanisani alikuwa ananingoja mimi.

Nisalimie shangazi Mablé, umwambie dawa ya macho nitaituma. Barua hii ichome ukishasomewa.

Jina ninalo, Mama, na kesho nitampelekea: Dada, Nisamehe. Naomba msamaha kwa moyo wote, haki ya Mungu. Ila najua litauzika kuliko lile la kwanza, na Benzi la pili litakuwa lake.

Mwanao wa pili,
Kokoè