Bwana Anaota

Levolosi, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na paa la jikoni limekwisha kuezekwa? Mjomba akikusomea barua hii, mwambie asome polepole wala asiruke mstari, maana safari hii nina kichekesho, na anayechekwa ni mimi mwanao.

Mimi ni mzima, ila baridi. Kipupwe cha Pangani ni mchezo, mama. Huku Mlima Meru haujaonekana wiki nzima, na manyunyu hayaishi mpaka adhuhuri. Navaa fulana mbili chini ya shati na bado kalamu inatetemeka.

Unajua hofu niliyokuwa nayo. Miezi yangu ya majaribio ilikuwa inakwisha, na Bwana Mkubwa wa ofisi yetu alikuwa aandike ripoti, nibaki kazini au nirudishwe nyumbani. Kwa hofu hiyo sikuthubutu kuuliza neno. Nikiambiwa jambo nasema "Ndiyo, Bwana," kisha natafuta maana yake peke yangu.

Basi Jumatatu stimu ikakatika mji mzima. Walisema mti umeangukia nyaya. Chumbani kwa Bwana lipo jiko la stimu ambalo halipiki kitu, kazi yake ni kupasha joto miguu yake tu. Nalo likazimika. Saa nne akaniita. Alikuwa amerudi safari jana yake, macho mekundu kwa uchovu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kizungu, "Karani, mimi nataka kuota."

Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Sasa mama, mtu akikwambia anataka kuota, utafikiri nini? Nilimwonea huruma. Nikaona amechoka, anataka kulala kidogo, na kwa haya zake hapendi kutaja usingizi saa za kazi. Nikafunga mlango taratibu, nikaandika kwa herufi nzuri USIPIGE HODI, nikabandika. Barazani walikuwapo wakulima wa kahawa kutoka mlimani, wamekuja kwa shauri la mfereji wao wa maji. Nikawasihi wanong'one. Mama mmoja wa Moshono alipokohoa nilimkazia macho mpaka akajiziba mdomo kwa khanga.

Nusu saa ikapita. Tarishi wetu, Mzee Elisante, Mmeru wa huku huku, akarudi kutoka posta akauliza Bwana yuko wapi.

"Polepole, mzee," nikamwambia. "Bwana anaota."

Akainua macho akatazama dohani juu ya paa. Hakuna moshi. "Anaota moto gani, mwanangu? Kuni zote ziko hapa uani."

Mama, nilikimbilia kuni mbio. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba neno hilo lina moto ndani yake. Kwetu nani anakaa motoni kwa hiari yake? Huku kila nyumba wanaota, asubuhi na jioni.

Tulipoingia na kuni, Bwana alikuwa amevaa kofia, na zulia la sakafuni amejifunika magotini. Akaniuliza kama kuni zinatoka Nairobi. Mzee Elisante akapiga magoti mbele ya meko ya ukutani, akafungua kifuniko cha chuma kilicho ndani ya dohani, kitu ambacho mimi nisingekijua na ningetujaza moshi sote. Akawasha vijiti vya miti ya kahawa vilivyopogolewa. Nami nikaona bora niseme kweli.

"Nilidhani unataka kulala uote ndoto, Bwana."

Akacheka mpaka zulia likaanguka, akaamuru watu wote wa barazani waingie waote. Yule mama wa Moshono akakaa karibu kabisa na moto, akakohoa kwa makusudi, akaniuliza, "Karani, naruhusiwa?" Shauri la mfereji likamalizwa pale pale, watu wamenyoosha viganja, bila ugomvi.

Siku tatu tulifanya kazi hivyo, meza yangu imesogezwa kando ya meko. Siku ya tatu Bwana akachukua ile ripoti. Akasema ameona kosa langu moja tu, kwamba siulizi. "Haya, uliza sasa."

Nikauliza. "Bwana, nimepata kazi au sikupata?"

Akachochea moto kwanza. "Umepata. Sasa ongeza ukuni."

Stimu imekwisha kurudi, mama, lakini Bwana bado anaagiza kuni, na wakulima wakinikuta njiani huniuliza nimeota nini leo.

Nisalimie bibi mzaa baba, na dada Zuhura na mumewe. Mjomba, wewe unayesoma, wewe ni fundi cherehani: nishonee koti zito lenye bitana, wala usicheke.

Nami naota kila siku, mama. Mchana naota moto, usiku naiota Pangani.

Mwanao akupendaye,
Hamisi