Tausi Aliyetiwa Wanja

Madungu, 6 Machi 2025

Bi Saada,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Vipi magoti, na saumu inakwendaje huko Konde? Sisi tunafunga vizuri, alhamdulillah.

Hunijui. Mimi ni Khairat, mjukuu wa Bimkubwa. Nimemaliza kidato cha nne juzijuzi. Naona haya kupiga simu. Hata wageni wakija mimi hujificha nyuma ya pazia. Kwa hiyo naandika; jirani yetu Nadhira ndiye aliyeniambia uko Konde na magoti yanakuuma.

Tukisafisha nyumba kwa ajili ya Idi, nimekuta bati la biskuti limejaa kadi za Idi za zamani: mawaridi, misikiti, mikono yenye hina. Nyingi zimebaki upande wa picha tu. Bibi anasema kadi zilikuwa adimu, basi mtu akikata upande ulioandikwa, huandika salamu zake nyuma ya picha na kumpelekea mwengine. Zako tu ndizo nzima, amezifunga kwenye leso.

Nikamuuliza, "Bi Saada yuko wapi?" Akasema, "Alininunia, sijui kwa nini," kisha akaenda kukuna nazi iliyokwisha kukunwa.

Je, unajua kwa nini?

Nakuomba radhi kwa kuuliza,
Mjukuu wa Bimkubwa


Konde, 17 Machi 2025

Khairat,

Wa alaikum salaam. Marahaba. Magoti yananiuma, lakini hayamhusu bibi yako.

Hajui? Hebu! Nilimpelekea kadi ya tausi, kadi nzuri kuliko zote dukani. Idi iliyofuata ikanijia kadi kutoka kwake. Tausi yuleyule! Nilimtambua kwa jicho, maana nilimtia wanja kwa mkono wangu. Mtu akikurudishia salamu zako, si amekufungia mlango? Nami nikafunga wangu.

Tausi ninaye bado. Mwambie.

Na wewe toka huko nyuma ya pazia.

Saada


Madungu, 19 Machi 2025

Bi Saada,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na magoti yametulia. Barua yako imefika kwa mkono wa jirani yetu Nadhira, nami nimemsomea Bibi.

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajifuta macho kwa kanga. Mwaka ule wifi yake alikata kadi zote za Idi iliyotangulia bila kuangalia ni za nani, akazichanganya mkekani. Bibi akachagua picha za kupelekea watu. Amesema, "Tausi nilimpenda kuliko wote. Ndiyo nikasema, huyu ni wa Saada!"

Tangu mwaka ule kadi zako nyingine, za zamani, alizifunga kwenye leso, asiziguse mtu.

Na jambo moja hajui kama nakwambia: kila Idi hupakua sahani moja ya ziada, wageni wakiondoka huila yeye.

Njoo, tafadhali.

Mjukuu wa Bimkubwa


Konde, 28 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Sijambo kabisa, hata magoti. Nami nilicheka peke yangu mpaka paka akakimbia.

Ndani ya bahasha yumo tausi. Nimebandika karatasi mpya juu ya maandishi ya Bimkubwa, nikaandika yangu. Mwakani naye abandike yake, anirudishie. Huyu sasa ni wa kwenda na kurudi mpaka awe mzito kama tofali. Wanja nimemtia upya.

Idi pili nakuja, asubuhi. Mlango unifungulie wewe, si mwengine. Nikikuta pazia linatikisika nageuza.

Na mwambie Bimkubwa sahani ile mwaka huu asiiguse. Ina mwenyewe.

Bibi yako,
Saada